Namna ya Kutengeneza Kitabu cha Kumbukumbu za Familia kwa Mikono Yako: Majina Kwanza, Mapambo Baadaye

Kila panapotokea harusi kubwa au msiba, sanduku la picha hutolewa chini ya kitanda, na mtu mmoja katika familia, mara nyingi binti au mjukuu, hukabidhiwa kazi ya kuzitengeneza. Hapo ndipo maswali yale yale huanza kuulizwa: nitumie gundi gani, nizikate zilingane, nizipeleke zikapigwe leminesheni, na nianzie wapi hasa? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo. Unamchukua kutoka kwenye sanduku lililochanganyika hadi kwenye kitabu kilichoshonwa kwa mkono, chenye picha, barua, vipande vya kanga na maelezo ambayo mtoto atakayezaliwa miaka 30 ijayo ataweza kuyaelewa bila kuwa na mtu wa kumfafanulia.

Nakuomba ukubali utaratibu mmoja tangu mwanzo, hata kama utakuchelewesha kufika kwenye sehemu ya kukata na kushona inayokuvutia zaidi. Majina yakusanywe kwanza, na mapambo yafuate baadaye. Karatasi na vitambaa utavipata mwakani vile vile, lakini bibi mwenye umri wa miaka 84 anayeweza kukuambia ni nani aliyesimama nyuma ya babu yako katika picha ya mwaka 1962 hana mbadala.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Vingi kati ya vitu hivi vinapatikana katika duka la vifaa vya ofisi, duka la vifaa vya wachoraji, au jikoni kwako.

- Karatasi nene zisizo na asidi, zenye uzito wa gramu 160 hadi 220 kwa mita ya mraba. Karatasi za kuchorea zilizotengenezwa kwa pamba zinafaa sana. Ukiona kwenye pakiti alama ya duara yenye namba nane iliyolala ndani yake, pamoja na maandishi ISO 9706, ujue karatasi hiyo imetengenezwa idumu. Karatasi za manila za rangi zitumie kwa majaribio tu.
- Kadibodi ngumu mbili kwa ajili ya majalada, zenye unene wa milimita 2 hivi.
- Kanga au kitenge cha pamba cha kufunikia majalada, kilichofuliwa na kupigwa pasi.
- Wanga safi wa kutengenezea gundi.
- Penseli laini ya 2B, na kalamu yenye wino usiochuja ukipatwa na maji.
- Rula ya chuma, kisu cha kukatia karatasi, sindano nene, msumari mwembamba na nyundo, uzi imara wa pamba au katani, na kipande cha nta ya nyuki.
- Bahasha za karatasi, pamoja na mifuko myembamba ya plastiki ya polipropilini au poliesta kwa picha zilizo dhaifu.
- Simu yenye kamera nzuri, au skana kama unaweza kuazima.
- Daftari la kawaida la mistari.

Kuna vitu ambavyo hupaswi kuvinunua hata ukishawishiwa na muuzaji. Albamu zenye kurasa za gundi inayofunikwa na karatasi ya plastiki zimeharibu picha nyingi za miaka ya 1970 na 1980 katika nyumba zetu, kwa sababu gundi yake hubadilika kuwa ya njano na picha hunasa moja kwa moja. Selotepu hukauka na kuacha doa la kahawia lisilotoka. Plastiki ya PVC, ambayo utaitambua kwa harufu yake kali ikiwa mpya, hutoa kemikali zinazoshambulia picha. Leminesheni nayo huifunga picha kwa joto na gundi, na ikishafanyika hakuna njia salama ya kuirudisha picha katika hali yake. Cheti au picha ya asili isipigwe leminesheni kamwe. Kama ni lazima, ipigwe nakala yake.

Hatua ya 1: Kusanya bila kuchambua

Weka kila kitu mahali pamoja: picha za ukutani, zilizohifadhiwa ndani ya msahafu au Biblia, zilizo kwenye pochi ya baba, barua zilizofungwa kwa kamba, kadi za mwaliko wa harusi, kadi za chama, vyeti vya ubatizo, vitabu vya shule, na kaseti ambazo ndugu wa Maskati au Dubai walirekodi salamu zao na kuzituma kwa mkono wa msafiri. Usichambue bado, na usivunje mafungu uliyoyakuta. Picha nne zilizokutwa ndani ya bahasha moja huenda zilipigwa siku moja, na ukizitawanya utakuwa umepoteza ushahidi ambao hakuna mtu anayeukumbuka.

Kama umeazima, andika hapo hapo umechukua nini kwa nani. Mama mkubwa aliyekukabidhi picha pekee ya ndoa yake anastahili kujua itarudi lini, na ikirudi kwa wakati, mara nyingi hukutolea nyingine ambazo hakukuonyesha siku ya kwanza.

Hatua ya 2: Ipe kila picha namba

Osha mikono kwa sabuni, ikauke kabisa, na usipake mafuta. Shika picha kwenye kingo, kwa kuwa alama ya kidole chenye mafuta huonekana baada ya miaka hata kama leo huioni. Ilaze picha kifudifudi juu ya meza ngumu na safi, kisha andika namba kwa penseli, kwa wepesi, karibu na ukingo wa mgongo wake. Usitumie kalamu ya wino wa kawaida, kwa sababu mgandamizo wake hutokeza upande wa mbele na wino wake hunata kwenye picha iliyo chini.

Picha nyingi zilizosafishwa kuanzia miaka ya 1970 zina mgongo laini wa plastiki usiokubali penseli. Hizo ziweke kila moja katika bahasha yake, na namba iandikwe kwenye bahasha kabla picha haijaingizwa. Katika daftari, kila namba ipewe nusu ukurasa. Itaonekana kama unapoteza karatasi, lakini hatua ya nne itakuonyesha kwamba hata nusu ukurasa haitoshi kwa baadhi ya picha.

Hatua ya 3: Piga nakala kabla hujagusa chochote kingine

Ukiwa na skana, tumia dpi 600 (yaani nukta 600 kwa kila inchi) kwa picha ndogo na angalau dpi 300 kwa zile kubwa. Ukitumia simu, ilaze picha karibu na dirisha penye mwanga wa kutosha lakini jua lisilipige moja kwa moja, zima taa ya kamera, na uhakikishe simu iko sambamba na picha ili kingo zisipinde. Piga upande wa mbele na upande wa nyuma. Mgongo wa picha una maandishi, mihuri na tarehe ambazo hazionekani tena picha ikishawekwa kitabuni.

Lipe kila faili jina lenye namba ile ile uliyoiandika kwenye daftari. Tunza nakala tatu: moja kwenye kompyuta au simu, moja kwenye diski ya nje au flashi, na moja nje ya nyumba yako, ama kwa ndugu wa mji mwingine ama katika hifadhi ya intaneti. Kosa linalotokea sana hapa ni kutegemea picha zilizotumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Programu hiyo hupunguza ukubwa wa picha inapozituma, na nakala inayobaki haifai kuchapishwa. Ukitaka kutuma kwa njia hiyo, itume kama faili.

Hatua ya 4: Kaa na wazee, picha moja baada ya nyingine

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ikikosekana hii, hatua zote zilizobaki hazina maana kubwa. Nenda kwa mzee wakati ambao hana uchovu, msalimie ipasavyo, na usimpelekee picha zaidi ya kumi na tano kwa siku moja. Omba ruhusa ya kurekodi sauti. Mpe picha mkononi, au nakala iliyokuzwa kama macho yamepungua nguvu, kisha uliza swali moja na unyamaze: "Bibi, huyu aliyekaa kwenye kiti ni nani?" Usimtajie jina wewe kwanza, kwa sababu mzee mwenye adabu anaweza kukukubalia ili asikukatishe tamaa.

Majina yetu yanahitaji uangalifu wa pekee, na ni hapa ambapo vitabu vingi vya familia hushindwa. Mwanamke huweza kuishi miaka 50 akiitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, hata majirani waliomzika wasijue jina alilopewa na wazazi wake. Ukiandika "Mama Fulani" peke yake, umemwandika mtoto, mama hukumwandika. Uliza: "Kabla hajazaa, kwao alikuwa akiitwa nani?" Halafu andika jina lake, jina la baba yake na jina la babu yake, Fulani binti Fulani bin Fulani, na ndipo uongeze lile alilojulikana nalo mtaani.

Vivyo hivyo, maneno "bibi", "babu", "shangazi" na "mjomba" hayatambulishi mtu katika kitabu kitakachosomwa na vizazi vitatu. Bibi yako ni mama wa mama yako, lakini kwa binamu wa mama yako huenda mtu huyo ni shangazi, na kwa mwanao ni mama wa bibi yake. Andika jina kamili na kisha uhusiano wake na mtu mmoja ambaye kitabu chote kinamzunguka, kwa mfano babu aliyejenga nyumba ya ukoo. Na kwa kuwa watoto wengi hurithishwa majina ya babu na bibi zao, utakutana na watu watatu au wanne wenye jina lile lile. Wapambanue kwa mwaka wa kuzaliwa, au kwa kazi, au kwa mahali walipoishi.

Baada ya majina, uliza mambo manne: ni wapi, ni tukio gani, nani alipiga picha, na nani hayupo pichani ingawa siku hiyo alikuwepo. Swali hili la mwisho hufungua mambo mengi kuliko yote. Mara nyingi aliyekosekana ndiye aliyekuwa jikoni akipika, au ndiye aliyesafiri kutafuta riziki, na bila kuulizwa habari zake hazingeandikwa popote.

Wazee wakitofautiana, usiwe mwamuzi. Andika kauli zote mbili na jina la kila aliyesema. Mzee akinyamaza au akigeuza mazungumzo, muache. Kuna ndoa zilizovunjika, mashamba yaliyogombaniwa na watoto waliolelewa kwa siri, na kitabu cha familia hakistahili kuwa chanzo cha ugomvi mpya.

Hatua ya 5: Tafuta tarehe kwa ushahidi ulio mkononi

Kumbukumbu za watu huteleza katika miaka, lakini vitu vyenyewe hubeba dalili. Bahasha yenye stempu ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanganyika ni tofauti na ile ya Kenya, Uganda na Tanzania, kwa kuwa jina la Tanzania halikuwepo kabla ya Muungano wa mwaka 1964. Na huduma hizo za pamoja zilikoma pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyovunjika mwaka 1977. Muhuri wa posta ukiwa unasomeka, basi umepata tarehe kamili. Kadi ya TANU ilitolewa baada ya Julai 1954 na kabla ya Februari 1977, chama hicho kilipoungana na Afro-Shirazi kuunda CCM.

Geuza picha uangalie muhuri wa studio. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na studio ya Parekh ya Mombasa, ni baadhi ya zile ambazo familia nyingi za pwani zilikwenda zikiwa zimevaa nguo za Idi. Hata bila muhuri, pazia lililochorwa nyuma ya watu linasaidia: picha mbili zenye pazia moja, kiti kimoja na zulia moja zilipigwa studio moja, na ukiijua tarehe ya moja umeikaribia ya pili.

Kanga nayo ni shahidi. Tazama ukingo wake utafute alama ya mtengenezaji. Yenye jina la kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka 1968, kilipofunguliwa. Kwa familia za Tanzania Bara, kumbuka pia kwamba wakati wa Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 1970, watu wengi walihamishwa. Mzee akikutajia kijiji ambacho hakipo kwenye ramani, andika jina alilolitamka, kisha jina la sasa la mahali hapo.

Unapokosa uhakika, andika "kati ya 1964 na 1970" au "kabla ya 1977". Kadirio lililoandikwa wazi kuwa ni kadirio lina faida kubwa kuliko mwaka mmoja uliobuniwa.

Hatua ya 6: Chagua

Kitabu kimoja cha kurasa 20 kinatosha picha 40 hadi 50. Chagua zile zenye watu waliotambuliwa na zenye habari, hata kama hazikutoka vizuri. Zilizobaki hazitupwi, zinakwenda kwenye bahasha na sanduku la hatua ya tisa. Kwa picha za ndani ya nyumba ambazo wenyewe hawakutaka zionwe na kila mtu, kama zile za bibi harusi akiwa miongoni mwa wanawake wenzake tu, waulize wahusika au watoto wao kabla ya kuziweka.

Hatua ya 7: Tengeneza kitabu

Anza na mkondo wa karatasi, yaani mwelekeo ambao nyuzi zake zimelala. Pinda karatasi kidogo kwa urefu, kisha kwa upana, bila kuikunja. Mpindo ulio rahisi zaidi ndio unaokwenda sambamba na mkondo, na mkondo huo unapaswa kwenda sambamba na mgongo wa kitabu. Ukikosea hapa, kurasa zitajikunja zikipata unyevu na hazitafunguka vizuri.

Kata kurasa 20 zenye ukubwa mmoja. Kisha kata vipande vyembamba 19 vyenye upana wa sentimita 3 na urefu sawa na wa kurasa. Vipande hivi vitakaa upande wa mgongo, kimoja kati ya kila kurasa mbili. Wanaoanza hupenda kuviruka, na matokeo yake ni kitabu kinachofura upande wa mbele mara tu picha zikishawekwa, kwa sababu picha zina unene na mgongo hauna nafasi ya kuubeba.

Kwa rula na ncha butu, weka mstari wa kukunjia kwenye kila ukurasa, sentimita 3 na nusu kutoka mgongoni. Kata majalada mawili ya kadibodi, kila moja likiwa na ukanda wa sentimita 3 uliotenganishwa na sehemu kubwa kwa mwanya wa milimita 5, ili jalada liweze kufunguka.

Gundi ya wanga hutengenezwa hivi: koroga sehemu 1 ya wanga katika maji baridi kidogo mpaka vidonge viishe, ongeza maji yafikie sehemu 5 kwa jumla, kisha ipike kwenye moto mdogo huku ukikoroga bila kuacha mpaka iwe nzito na ianze kung'aa. Iache ipoe, ichuje kwa kitambaa. Tengeneza ya kutosha kazi ya siku moja tu, kwa kuwa katika joto letu huchacha upesi. Paka gundi nyembamba kwenye kadibodi, wala si kwenye kitambaa, laza kanga juu yake ukiisawazisha kwa kiganja, kunja kingo ndani, na ufunike upande wa ndani kwa karatasi. Panga kanga ili jina lake, yaani yale maandishi, liangukie jalada la mbele. Weka majalada chini ya vitabu vizito kwa usiku mzima.

Sasa panga kurasa na vipande vyake, jalada juu na chini, bana kwa vibanio, na utoboe matundu matano kwa msumari, sentimita 1 na nusu kutoka mgongoni. Pima uzi mara sita ya urefu wa mgongo na uupitishe kwenye nta. Ingiza sindano kwenye tundu la katikati, zungusha uzi kwenye mgongo na urudi tundu lile lile, kisha nenda tundu linalofuata na ufanye hivyo hivyo. Ukifika mwisho, zungusha pia kwenye ukingo wa juu, halafu rudi ukijaza nafasi zilizobaki wazi, uende upande wa pili, na umalizie katikati kwa fundo. Vuta uzi ukaze kila hatua, lakini usikate karatasi.

Hatua ya 8: Weka picha bila kuzipaka gundi

Picha ya asili haipakwi gundi yoyote, hata ile ya wanga. Hushikwa na pembe za karatasi, ambazo utazitengeneza mwenyewe. Kata ukanda wa karatasi isiyo na asidi wenye upana wa sentimita 1 na nusu na urefu wa sentimita 4, kunja ncha zake mbili kuelekea chini zikutane katikati, na utapata pembetatu yenye mfuko. Ivalishe kwenye kila kona ya picha, paka gundi kidogo mgongoni mwa pembe peke yake, na uibandike kwenye ukurasa. Acha nafasi ndogo ndani ya pembe ili picha isibanwe unyevu ukiongezeka.

Usikate picha iwe ya duara au ya moyo, wala usikate mtu kwa sababu ndoa yake na ndugu yako ilivunjika. Kile kinachoonekana leo kuwa ni nafasi tupu pembeni, yaani mlango, baiskeli, au jina la duka, ndicho ambacho mjukuu atakitazama kwa hamu zaidi. Ukitaka umbo la mapambo, kata nakala.

Maelezo yaandikwe kwenye ukurasa, chini au kando ya picha, kwa kalamu isiyochuja. Anza kwa kutaja mpangilio: "Kutoka kushoto, waliosimama", halafu "waliokaa". Weka namba ya daftari mwishoni. Barua ikunjuliwe na iwekwe ndani ya mfuko wa polipropilini, na maneno yake yanakiliwe kwa mwandiko unaosomeka kwenye ukurasa unaoikabili. Barua nyingi za kale za pwani ziliandikwa kwa hati za Kiarabu ingawa lugha yake ni Kiswahili; mpelekee mtu anayezisoma, na unakili kwa herufi zote mbili.

Hatua ya 9: Nguo na vitu visivyoingia kitabuni

Doti ya kanga aliyotunukiwa mama siku ya arobaini yake isikatwe ili kupata mapambo. Ipige picha yote, pindo na mji wake, kisha andika maneno yake pamoja na nani alimpa nani, lini, na kwa nini aliyachagua maneno hayo. Jina la kanga likitengana na habari ya aliyelitoa, hubaki methali tu. Kama kanga imekwisha kuchanika, kata kipande kidogo kutoka sehemu iliyoharibika na ukishone kwenye ukurasa kwa mishono michache. Kabla ya hapo, jaribu rangi yake kwa kuibonyeza kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Ikitoka, usiiweke ikabiliane na picha.

Kwa vilivyobaki, tumia sanduku la kadibodi imara, ndani ulitandike karatasi isiyo na asidi, nje ulifunike kwa kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye jalada. Nguo ikunjwe ikiwa imewekewa karatasi laini kwenye mikunjo, na kila mwaka ikunjwe mahali tofauti ili isikatike.

Hatua ya 10: Mahali pa kuhifadhi

Kitabu kilazwe, kisisimamishwe. Kikae chumba cha ndani, mbali na ukuta wa nje, bafu, jiko na jua. Unyevu unaofaa ni kati ya asilimia 30 na 50, kiwango ambacho Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja hukipita kwa sehemu kubwa ya mwaka. Weka pakiti za jeli ya silika ndani ya sanduku na uzikaushe au kuzibadilisha mara kwa mara. Usitumie vidonge vya naftalini karibu na picha. Sanduku lisigusane na sakafu, kwa sababu ya mchwa na mafuriko, na lifunguliwe angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu. Kitabu kinachosomwa hukaguliwa, na kilichofichwa hugunduliwa kimeliwa.

Matatizo yanayojitokeza mara kwa mara

*Picha imenasa kwenye kioo cha fremu.* Usiivute. Iskani au ipige picha ikiwa bado kwenye kioo, na uiache hivyo mpaka upate mtaalamu.

*Picha haitoki kwenye albamu ya gundi.* Ipige nakala kwanza. Kisha pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya kona moja na uusogeze polepole kama unayekata kwa msumeno. Ikikataa, kata ukurasa mzima kuizunguka picha.

*Picha zimelowa kwa mafuriko.* Zisuuze kwa maji safi ya baridi bila kusugua uso wake, zitenganishe zikiwa bado mbichi, na zilaze zikitazama juu kivulini. Fanya hivyo ndani ya siku 2. Picha zilizochapishwa kwa printa ya wino zisitiwe majini kabisa, kwa kuwa rangi yake huyeyuka.

*Kuna ukungu.* Vaa barakoa, toa vitu nje penye hewa kavu na kivuli, na baada ya kukauka kabisa upanguse kwa brashi laini ukielekea mbali nawe. Kaseti yenye ukungu isichezwe kwenye redio. Utaharibu utepe na kifaa.

*Wadudu wameingia kwenye karatasi au nguo.* Funga kitu ndani ya mfuko usiopitisha hewa na ukigandishe kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 18 au zaidi chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha usifungue mfuko mpaka kirudie joto la chumba. Njia hii isitumike kwa picha.

*Kitabu kimefura.* Ongeza vipande vya mgongoni. Kata uzi, panga upya na ushone tena; kitabu cha namna hii kimekusudiwa kufunguliwa na kushonwa upya, ndiyo maana hakikupigwa gundi mgongoni.

*Hakuna anayemtambua mtu aliye pichani.* Chapisha nakala yake kubwa na uipeleke penye mkusanyiko wa ukoo, uibandike mahali ambapo wageni hupumzika, na uache penseli na karatasi kando yake. Wazee wa upande wa pili wa familia, wale ambao hukuwafikiria kuwauliza, mara nyingi ndio hutoa jina. Likipatikana, liandike kwenye daftari siku hiyo hiyo pamoja na jina la aliyelitaja.